Uzio Nyuma ya Nyumba ya Mlinda Daraja

Ugomvi wa Hinke na mkamwana wake ulianzia kwa bata.

Ilikuwa Jumanne, na Jumanne ndiyo siku ambayo Hinke alikuwa akimlea mjukuu wake Fenna, tangu mama mtoto aliporudi kazini kwenye duka la dawa mjini. Hinke alikuwa jikoni anamenya viazi. Mumewe, Douwe, alikuwa ametoka na mtoto uani kwenda kuwatupia bata mkate mkavu. Nyumba yao ilikaa ukingoni kabisa mwa mfereji, kwa kuwa ilikuwa nyumba ya mlinda daraja, na Douwe alililinda daraja la kijiji kile karibu maisha yake yote ya kazi. Chombo kikipiga honi, alitoka, akafunga barabara, akainua daraja, kisha akawateremshia mabaharia kiatu cha mti kilichoning'inia kwenye fimbo ya kuvulia samaki, watie humo ushuru wao. Siku hizi daraja linainuliwa na mtu aliyeketi mbele ya kioo cha kompyuta katika mji mwingine. Lakini nyumba Douwe aliinunua, na kiatu hakukirudisha.

Marloes, mke wa mwana wao Jelmer, alitoka kazini mapema siku ile. Hakupita mlango wa mbele. Alizunguka nyuma, na alipotokea pembeni mwa nyumba alimwona binti yake wa miaka miwili amesimama peke yake kwenye ubao wa mwisho wa gati, ncha za viatu zimepita ukingo, anawaita bata huku amewanyooshea mkono. Marloes hakupiga kelele. Alinyata kama mtu anayemwendea ndege, akamfikia, akamkamata koti kwa nyuma. Ndipo akaketi palepale kwenye majani mabichi na mimba yake, amemkumbatia mtoto.

Hinke aliyaona yote hayo kupitia dirisha la jikoni, kisu mkononi.

Alipofika uani Marloes alikuwa ameshasimama. "Baba yuko wapi?" aliuliza.

Douwe alitoka bandani na kopo la mafuta ya bawaba. Alipowaona, uso ukamchangamka. "Aa, Marloes! Karibu, karibu! Na Fenna umekuja naye! Njoo kwa Pake, kwa babu yako, mtoto mzuri, lini umefika?"

"Huyu mzee na mizaha yake!" Hinke akacheka haraka, akamshika mumewe mkono. "Haya, twendeni ndani, kahawa itapoa." Wala kahawa haikuwa imechemshwa.

Marloes hakucheka. Alimtazama baba mkwe wake kitambo, kama anavyomtazama mgonjwa aliyekuja kuchukua dawa isiyo yake, kisha akaenda zake na mtoto.

Jumapili iliyofuata walikuja wote kunywa kahawa, kama kawaida yao baada ya kanisa. Marloes alingoja mpaka kila mtu akapata biskuti yake na kopo likafunikwa.

"Mama, nina jambo."

"Sema."

"Naomba tujenge uzio kati ya ua na mfereji. Wenye mlango na komeo. Mpaka uwepo, Fenna atakuwa anakaa kituo cha watoto siku zote."

Hinke aliweka kikombe chini polepole. "Uzio."

"Ndiyo, Mama."

"Nimelea watoto wawili katika nyumba hii bila uzio. Hakuna aliyelowa hata kisigino."

"Jelmer ameniambia alivyovuliwa kwa upondo kama kambare."

Hinke akamtupia mwanawe jicho. Jelmer akajifanya ameona kitu cha ajabu ndani ya kikombe chake.

"Nilimvua mimi!" Douwe akadakia, amefurahi kweli. "Nilimdaka ukosi wa sweta. Ilikuwa buluu, sweta yenyewe, ulimfumia wewe, Hinke. Na palikuwa na tishari la makaa linangoja, nikamwambia nahodha wake, subiri, bwana, kwanza nitoe samaki wangu!"

Wote wakacheka, hata Marloes. Hadithi ile Douwe aliijua mpaka rangi ya uzi, na Hinke alijisikia kama mtu aliyetetewa mahakamani. Unaona, alitaka kusema. Mtu anayekumbuka hivi ana kasoro gani? Lakini badala yake alisema, "Mara moja tu, na alikuwa mtundu. Nyie watu wa mjini mnayaogopa maji kwa sababu mmezoea kuyaona yakitoka kwenye bomba."

"Nayaogopa kwa sababu Fenna hayaogopi," Marloes akajibu kwa upole.

"Basi mpelekeni huko kituoni. Akalelewe na watu wasiomjua."

"Mama..." Jelmer alianza.

"Wewe kunywa kahawa yako."

Ndivyo ilivyokuwa. Zikapita wiki, Fenna haletwi.

Hinke alijiambia kwamba kinachomkera ni dirisha. Kila asubuhi, kwa miaka yote ile, alikunywa kahawa yake ya kwanza huku anatazama maji, na sasa mtoto wa kike aliyezaliwa mjini Amersfoort anataka yeye ayatazame kupitia mbao. Alijiambia vilevile kwamba amedharauliwa. Yote mawili yalikuwa kweli, ila la tatu ndilo lililomkaa kooni, na hilo hakujiambia.

La tatu lilikuwa Douwe. Funguo za baiskeli alizikuta kwenye chombo cha siagi. Mara mbili alimsikia anauliza Wiebe atakuja lini, na Wiebe, kaka yake Douwe, walimzika wote wawili wakiwa wamesimama pamoja kwenye mvua. Siku moja alirudi kutoka dukani akakuta sufuria tupu imekuwa nyekundu juu ya moto jikoni, na Douwe ameketi sebuleni anasoma gazeti, hana habari. Hinke alifungua madirisha, akaitupa sufuria, akanunua nyingine inayofanana nayo. Tangu hapo hakuwa akienda dukani peke yake. Akawa anamfuata mumewe nyuma kama mtu anayefuta nyayo zisionekane: anamalizia sentensi zake mbele za watu, anamnong'oneza majina mlangoni kabla wageni hawajaingia, anageuza kila kosa kuwa mzaha. Kazi hiyo ilimchosha kuliko ulezi wa watoto wawili, wala hakuwa na wa kumwambia.

Na sasa kila Jumanne Douwe aliketi dirishani, kile kiatu chake cha mti mapajani, maana Fenna alipenda kukijaza vifungo.

"Mtoto mbona hajaja?"

"Leo yuko kituoni, Douwe."

"Ahaa." Akikaa kidogo: "Hinke, mtoto mbona hajaja?"

Kila alipouliza, uso ulimwanguka upya, kama ndiyo mara ya kwanza anaisikia habari hiyo. Hinke angeweza kuvumilia mengi, lakini hilo lilimkata maini.

Jumamosi moja ya mwanzo wa vuli, Hinke alisikia gari likirudi kinyumenyume uani. Alipochungulia alimwona Marloes anashuka, amevaa mabuti ya Jelmer, tumbo limemtangulia. Nyuma ya gari palikuwa na tela ya kuazima, imejaa nguzo na mbao.

"Jelmer yuko wapi?" Hinke akauliza mlangoni, bila salamu.

"Yuko zamu kiwandani. Maziwa hayajui Jumamosi." Marloes akafungua tela. "Habari za asubuhi, Mama."

"Na hizo mbao?"

"Za uzio."

"Mimi nimekubali?"

"Hujakubali. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe, ili ukinifukuza unifukuze mimi, usimfukuze mwanao." Akainama kushika nguzo ya kwanza, akaguna.

"We! Iache hiyo! Unataka kuzalia kwenye matope ya kwangu?"

"Nikizaa, Mama utanipokea."

"Mimi nimeshona mapazia maisha yangu yote, sijawahi kuwa mkunga. Iache, nimesema! Ngoja nivae viatu."

Mtu aliyekula kiapo kuwa hakutajengwa kitu akajikuta amebeba nguzo begani, nywele zimemjaa upepo, anaelekezwa na mkamwana wake mahali pa kuchimba. Msaidizi wa pili hakuchelewa kutokea. Douwe alisikia mlio wa keekee, akaja na nyundo yake na timazi, akawaangalia wanawake wawili wakisimamisha nguzo, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Imelala," akasema.

"Haijalala, Baba, nimeipima."

"Imelala kuelekea kanisani."

Wakaweka timazi, na kweli ilikuwa imelala. Douwe akaisukuma kwa bega, akaishindilia udongo kwa kisigino, akaenda kwenye ya pili. Mikono yake ilikuwa haijasahau kitu. Alipigilia, akapima kwa jicho, akapuliza mluzi, na Hinke akamtazama akamwona tena yule kijana aliyempeleka juu kabisa ya daraja siku moja wakati limeinuka nusu, ili tu amwonyeshe mji ulivyo mbali. Kwa saa nzima alisahau kuogopa.

Kisha Douwe akasimama, nyundo imening'inia mkononi, akaitazama safu ya nguzo.

"Hivi tunajenga nini hapa?"

"Anatania," Hinke akasema papo hapo. "Douwe, acha utani, baridi hii."

"Tunajenga uzio, Baba," Marloes akajibu, kama mtu aliyeulizwa saa. "Wa huku kwenye maji. Nishikie ubao huu."

"Ahaa, uzio," Douwe akasema, akaushika ubao. Kazi ikaendelea.

Hinke alibaki ameduwaa. Jibu la kawaida namna ile, na mbingu haikuanguka.

Alipoenda ndani kuchemsha maji, Marloes alimfuata kunawa mikono. Walisimama bega kwa bega kwenye sinki.

"Mama, Baba amekuwa hivi tangu lini?"

"Hivi vipi?"

"Mama."

"Ana uzee," Hinke akasema, macho kwenye bomba. "Na wewe utazeeka, usijali." Akafunga maji kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Marloes alikausha mikono, hakuongeza neno, na Hinke hakujua kama anamshukuru kwa hilo au anamchukia.

La mwisho lilikuwa komeo. Marloes alikuwa amenunua la kubonyeza juu na kuinua chini kwa wakati mmoja. Hinke alihangaika nalo mpaka akatoa jasho.

"Hili hata mimi litanifungia nje. Mtoto wa miaka miwili hafiki hata kulipapasa, yote haya ya nini?"

"Watoto wanakua," Marloes akasema.

Jumanne yake Fenna akarudi. Alikimbia ua mzima akipiga kelele "Beppe! Pake!" akiwaita bibi na babu yake, akaugonga uzio kwa viganja vyote viwili, akauona haumjibu, akaenda kucheza kwenye mchanga. Hinke alimenya viazi bila kuinua kichwa kila dakika. Alikiri moyoni kwamba mbao zile hazikuwa mbaya kama alivyofikiri. Kwa mdomo hakukiri.

Novemba ikaja na ukungu wake. Asubuhi moja Hinke aliamshwa na honi ndefu ya chombo, akanyoosha mkono, akakuta upande wa Douwe umepoa. Akakaa kitandani. Nyumba ilikuwa na baridi isiyo ya kawaida, ile inayopanda ngazi kutoka chini. Alijitupia shali, akateremka bila kuvaa viatu, akaukuta mlango wa jikoni uko wazi na ukungu umeingia mpaka mezani.

"Douwe?"

Alimsikia kabla hajamwona. Alikuwa analitikisa lile lango la uzio, mbao zinagongana. Hinke akakimbia kwenye majani yenye maji. Douwe alikuwa amesimama katika nguo za kulalia na kofia yake ya kazi kichwani, kofia ambayo Hinke alidhani ilishatupwa zamani. Vidole vyake vilikuwa vinahangaika na komeo, bonyeza, inua, bonyeza, vimechubuka, na machozi ya hasira yalikuwa yanamtiririka.

"Nani kaufunga mlango huu? Hinke, wananisubiri! Tishari la mchanga hilo, halisimami upesi, litaligonga daraja! Nani kaufunga?"

Honi ikalia tena, karibu zaidi. Hinke alitazama ng'ambo ya lango. Gati lilianza pale, hatua moja tu kutoka miguu ya mumewe, na likaishia ndani ya weupe. Ukungu na maji vilikuwa rangi moja, haijulikani ubao wa mwisho uko wapi. Aliliona lile lango. Aliziona mbao alizozibeba begani mwenyewe huku ananung'unika.

Hakusema "unaota." Hakusema "ulishastaafu." Maneno hayo alikuwa ameshayatumia, na yalimuumiza tu. Akaivua shali yake, akamzungushia mabegani.

"Sikiliza," akamwambia. "Sikiliza kwanza, Douwe."

Kutoka ndani ya ukungu ilisikika kengele ya barabara inayofungwa, halafu mngurumo wa daraja linaloinuka. Tishari likapita, taratibu, injini yake ikiwatetemesha miguu, taa moja ya njano ikielea na kupotea.

"Nani kaliinua?" Douwe akanong'ona.

"Wenzako."

Akafikiri. Mabega yakamshuka. "Wamefanya vizuri," akasema. "Ila barabara wamechelewa kuifunga. Nitawaambia."

"Utawaambia. Twende ukanywe kitu cha moto."

Alipomweka kwenye kiti karibu na jiko, vidole amemfunga kitambaa na mikono imeshikilia bilauri ya maziwa, Hinke alichukua simu. Jelmer alikuwa zamu ya asubuhi. Lakini hata angekuwa nyumbani, namba iliyobonyezwa na vidole vyake isingekuwa ya Jelmer.

"Marloes? Ni Mama."

"Mama, kuna nini?"

"Baba yenu..." Na hapo akakwama. Miezi yote ile ya kufuta na kuficha ilimkaa kifuani.

"Nakuja."

"Usiendeshe kwa haraka, kuna ukungu. Na tumbo hilo."

"Nakuja polepole, Mama. Lakini nakuja."

Alifika na Fenna kwenye kiti cha nyuma cha gari, bado na nguo za kulalia chini ya koti. Mtoto alipanda moja kwa moja mapajani kwa babu yake, akamuuliza kidole kimefanya nini, na Douwe akamweleza habari ndefu ya tishari. Wanawake wakakaa mezani. Hinke alisema yote: siagi na funguo, Wiebe, sufuria, kofia. Alisema huku anazikusanya chembe za mkate kwa kidole na kuzipanga, kwa sababu hakuweza kumtazama mtu usoni. Alipomaliza alingoja. Mkamwana wake alikuwa na haki ya neno moja la lawama, na Hinke alikuwa amejiandaa kulimeza.

Marloes hakulisema. Alimmiminia kahawa.

"Nilijua siku ile ya bata," akasema. "Alimkaribisha Fenna kama mgeni, na yeye ndiye aliyetoka naye."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilijaribu hapo kwenye sinki."

"Kabla ya hapo."

Marloes alizungusha kikombe. "Kama ningekuja na habari ya Baba, ungenifungia mlango, na ungebaki naye peke yako. Nikaona afadhali unikasirikie kwa ajili ya mbao."

"Na lile komeo? Lilikuwa la nani?"

"La wote wawili."

Hinke akajifuta macho kwa kitambaa cha mezani, jambo ambalo angemgombeza mtu mwingine yeyote kwa kulifanya. "Niliogopa mtamchukua," akasema. "Mtampeleka kwenye nyumba ya wazee, akae kwenye korido na watu asiowajua. Akiuliza Hinke yuko wapi, nani atamjibu?"

"Nani kasema habari ya kumchukua? Mama, tunataka kuwabakiza hapa. Wote wawili. Wewe umekonda kuliko yeye." Akamshika mkono. "Hebu nikuulize. Angekuwa amepita pale asubuhi, akaanguka, wewe ungefanyaje?"

"Ningeruka nimfuate."

"Unajua kuogelea?"

Hinke akafungua mdomo, akaufunga. "Hapana."

"Hapana? Umekaa ukingoni mwa mfereji huu miaka yote hiyo..."

"Hakuna aliyeniuliza!"

Marloes alijikaza, lakini kicheko kikampasuka, akajishika tumbo, na Hinke naye, machozi hayajakauka, akaanza kucheka mpaka kiti kikalia. Douwe, karibu na jiko, akacheka nao bila kujua kwa nini, na Fenna akacheka kwa sababu Pake anacheka.

Walikwenda kwa daktari pamoja, wote wanne wakubwa, wamejazana kwenye kile chumba kidogo. Daktari alisema jina la ugonjwa ambalo Hinke alilijua siku nyingi. Kulisikia kuliuma, lakini halikuwa na meno kama lilivyokuwa nalo lilipokuwa siri. Baada ya hapo mambo yalipangwa. Siku mbili kwa wiki Douwe alichukuliwa na gari dogo kwenda shamba moja la jirani linalopokea wazee kama yeye, akawa anawapa ndama maziwa na kukaza malango yaliyolegea. Alirudi ananukia majani makavu. "Wamenipa kazi," alimwambia Hinke kila mara. "Hawalipi, lakini supu yao ya njegere ni nzito, kijiko kinasimama." Jiko la gesi liliondolewa, likawekwa la umeme linalojizima lenyewe. Jelmer alichukua Ijumaa jioni za kukaa na baba yake wakitengeneza mota ya boti ambayo hakuna aliyekuwa na haja nayo. Na Hinke, kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana, alilala mchana.

Jumatatu zake alipelekwa na Marloes kwenye bwawa la ndani mjini, darasa la watu wazima wasiojua kuogelea. Siku ya kwanza aligoma kwenye ngazi, mkono umeng'ang'ania chuma.

"Maji yana baridi."

"Yamepashwa moto, Mama."

"Na watu wananiangalia."

"Nani akuangalie? Yule mzee pale amekunywa nusu ya bwawa, ana shida zake mwenyewe. Ingia!"

Akaingia. Alipiga teke, akazama, akaibuka anatema maji na kumtaja mkamwana wake kwa majina ambayo mwalimu aliomba asiyarudie. Jumatatu iliyofuata alirudi.

Mtoto alizaliwa Januari, mashamba yamekuwa meupe kwa baridi kali. Alikuwa msichana, wakamwita Doutje, ambalo ni jina la Douwe kwa wanawake. Hinke alioka mkate wa sukari, ule anaopelekewa mama aliyejifungua, akaufunga kwenye kitambaa ungali na joto, akamvalisha Douwe shati safi, na njiani akamwambia tena na tena wanakokwenda, bila kunong'ona na bila kukereka.

Marloes alikuwa ameketi kwenye kochi, amechoka, uso unang'aa. Muuguzi wa uzazi aliyekuwa akija nyumbani kwao kila siku alikuwa anakunja nepi. Douwe akasimama katikati ya chumba, kofia mkononi, akakitazama kile kifurushi.

"Naweza kumbeba?"

Muuguzi akamtazama, akamtazama Hinke, akasogea karibu na Marloes. "Labda leo amwangalie tu," akasema kwa sauti ya chini. "Babu anaweza kusahau kwamba amebeba mtoto."

Ile tabia ya zamani ikamjia Hinke ulimini, kusema anatania, kucheka, kufunika. Akaimeza. Muuguzi hakukosea, na hilo ndilo lililouma.

"Keti hapa, Baba," Marloes akasema, akapigapiga kochi. "Karibu nami. Sogea zaidi."

Akapanga mito kila upande. Douwe alipoketi, Marloes alimlaza mtoto kwenye mikono yake, kisha akamkaribia bega kwa bega, mkono wake mwenyewe ukiwa chini ya kile kichwa kidogo, pale ambapo mzee hauoni. Muuguzi akarudi kwenye nepi zake. Jelmer alikuwa amesimama mlangoni na Fenna mabegani.

Hinke akainama nyuma ya kochi. "Huogopi?" akamnong'oneza mkamwana wake.

"Naogopa," Marloes akasema. "Ndiyo maana nimekaa hapa."

Douwe alimtazama mtoto kwa muda mrefu. Mtoto alipiga chafya, naye akacheka kidogo kwa mshangao.

"Huyu nani?"

"Doutje, Baba."

"Wa nani?"

"Wako. Wetu."

"Mzuri," Douwe akasema, akamsogeza karibu zaidi na shati lake. Baada ya kitambo akainua uso, macho yamejaa furaha mpya kabisa. "Marloes, hebu niambie. Huyu nani?"

"Doutje, Baba," Marloes akajibu.

Hinke alikuwa ameshaanza kuukata mkate, kwa kuwa Fenna alikuwa ameshuka mabegani mwa baba yake, anamvuta sketi, anataka kipande chenye sukari nyingi.